Kanisa la 1776 lenye jengo la 1956: majengo ya First Baptist Church, Williamsburg

Swali la msomaji: Mimi ni Mtanzania wa Kigoma, sasa tunaishi Virginia, Marekani. Tulipowapeleka watoto kutembea Williamsburg, tulioneshwa kiwanja kwenye mtaa wa Nassau Street, tukaambiwa hapo palikuwa na kanisa la Wabaptisti Weusi lililoanzishwa mwaka 1776. Lakini kanisa lenyewe lipo Scotland Street na jengo lake ni la mwaka 1956. Mtu mwingine akatuambia jengo ni la 1856. Mwanangu amepewa kazi ya shule juu ya jengo la kihistoria na amechagua hili. Jengo la kweli ni lipi? La zamani lilikwenda wapi? Na je, ndilo kanisa la kwanza la Wabaptisti Weusi Marekani?

Jibu: Dada, tarehe zote tatu mlizopewa ni sahihi. Mwaka 1776 ni wa ushirika, yaani watu walipoanza kukusanyika. Miaka 1856 na 1956 ni ya nyumba mbili walizojenga. Kabla ya hizo mbili kulikuwa na mahali pengine pa kusalia, na pa muhimu kuliko pote ni chumba kidogo ambacho msingi wake ulikuja kupatikana chini ya maegesho ya magari. Nimefurahi kwamba mtoto wako amelichagua kanisa hili, kwa sababu habari zake kwa kawaida husimuliwa haraka haraka, hasa pale mnapofika kwenye swali lako la pili: la zamani lilikwenda wapi.

Tuanze na mji. Williamsburg ya leo ni mji mdogo wa watu takriban 15,000, lakini mwaka 1775 ulikuwa makao makuu ya koloni la Virginia na ulikuwa na watu wapatao 1,880 tu. Zaidi ya nusu yao walikuwa Weusi, na karibu wote hao walikuwa watumwa. Katikati ya mji lilisimama, na bado limesimama, kanisa la matofali la Bruton Parish lililokamilika mwaka 1715, la Kanisa la Uingereza, lililokuwa dini ya serikali. Watumwa walibatizwa humo na kuketi sehemu walizotengewa. Wabaptisti walikuwa kundi jipya na la kutiliwa shaka. Wahubiri wao, hata wazungu, walitupwa jela Virginia katika miaka ya 1760 na 1770 kwa kuhubiri bila kibali. Walifundisha kwamba mtu hubatizwa kwa kuamini mwenyewe, kwa kuzamishwa majini, na kwamba Mungu anaweza kumwita mtu yeyote ahubiri. Fikiria maneno hayo yakimfikia mtu ambaye kisheria ni mali ya mwenzake.

Ndiyo maana mahali pa kwanza pa ibada hapakuwa na ukuta. Watumwa na watu huru Weusi walikutana kwa siri nje ya mji, kwenye shamba kubwa la Green Spring, chini ya kibanda walichokijenga kwa matawi ya miti, kisha wakahamia mahali paitwapo Raccoon Chase, karibu zaidi na mji. Kiongozi wao wa mwanzo aliitwa Moses, na kumbukumbu za Wabaptisti zinasema alichapwa viboko mara nyingi kwa kufanya mikutano. Baada yake akaja Gowan Pamphlet, mtumwa wa mwanamke aitwaye Jane Vobe, mwenye nyumba ya wageni ya King's Arms. Pamphlet alifanya kazi kwenye nyumba ile ya vinywaji na chakula, na humo humo akajulikana kama mhubiri. Mwaka 1791 ushirika wake uliomba kuingizwa katika Dover Association, umoja wa makanisa ya Kibaptisti ya eneo lile. Mwaka 1793 ukakubaliwa, ukiwa na washirika wapatao 500. Mwaka huo huo Pamphlet akapata uhuru wake.

Naomba mtoto aishike namba hiyo ya 500, tutaihitaji.

Mapokeo ya kanisa yanasema mfanyabiashara mzungu, Jesse Cole, alipita karibu na mahali walipokuwa wakiimba na kuomba, akaguswa, akawapa banda lake la kuwekea magari ya farasi lililokuwa Nassau Street. Haya ni mapokeo ya mdomo, na kwa muda mrefu watu wa nje waliyachukulia hivyo tu. Maandishi ya kwanza tuliyo nayo ni ya kodi: mwaka 1818 kumbukumbu za kodi zinataja jumba la mikutano la Wabaptisti kwenye kiwanja hicho. Hata hapo hatukuambiwa lina ukubwa gani, limejengwa kwa nini, wala nani anakaa humo. Mtoza kodi aliandika kilichomhusu.

Miaka 13 baadaye mambo yaligeuka. Agosti 1831, Nat Turner, mtumwa na mhubiri, aliongoza uasi katika wilaya ya Southampton, kusini mwa Virginia. Wazungu wakajibu kwa mauaji na kwa sheria. Sheria ya mwaka 1832 ilimkataza mtu Mweusi, awe mtumwa au huru, kuhubiri au kuendesha mikutano ya dini. Ushirika wa Williamsburg ulifungwa kwa muda, na uliporuhusiwa tena ulitakiwa kuwa chini ya uangalizi wa wazungu. Kisha mwaka 1834 kimbunga kikalipiga jumba lile na kuliangusha. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu watu hawa walipoteza haki ya kuhubiriwa na mmoja wao, na wakapoteza nyumba.

Jengo la matofali ndilo lililokuja baada ya hapo, na liliwekwa wakfu mwaka 1856, likijulikana kama African Baptist Church. Naomba mtoto asiruke mwaka huu. Mwaka 1856 utumwa Virginia ulikuwa bado una miaka tisa mbele yake. Watu ambao wengi wao kisheria hawakumiliki hata miili yao walijenga kanisa la matofali katika mji ambao matofali yalikuwa alama ya heshima: chuo cha mji kilikuwa cha matofali, kanisa la Bruton la matofali. Jengo hilo lilipita Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, likapita mwisho wa utumwa mwaka 1865, likapita enzi za sheria za ubaguzi. Mwaka 1886 lilipata kengele, ambayo nitairudia. Lilisimama miaka 99.

Sasa, lilikwenda wapi? Lilibomolewa mwaka 1955, na aliyelibomoa ni mradi wa kuhifadhi historia. Najua linasikika vibaya, ila ndivyo ilivyokuwa, na sababu zake zinaeleweka ukizifuata.

Makao makuu ya Virginia yalihamia Richmond mwaka 1780, na Williamsburg ukabaki mji wa pembeni. Majengo ya zamani yakachakaa, mengine yakajengwa juu ya mengine. Katika miaka ya 1920 kasisi wa Bruton Parish, W. A. R. Goodwin, alimshawishi tajiri John D. Rockefeller Jr. atoe fedha za kuurudisha mji jinsi ulivyokuwa katika karne ya 18. Kazi ilianza 1926 na ndiyo ikazaa taasisi ya Colonial Williamsburg. Kanuni yao ilikuwa ya wazi: cha karne ya 18 kinatengenezwa, kilichopotea kinajengwa upya, na kilichojengwa baadaye kinaondolewa. Mamia ya majengo ya karne ya 19 na ya 20 yaliondolewa kwa kanuni hiyo. Kanisa la 1856 lilikuwa la karne ya 19, na lilisimama ndani ya eneo hilo. Taasisi ikanunua kiwanja, jengo likavunjwa, na kwa fedha za mauzo ushirika ukajenga kanisa jipya Scotland Street, nje kidogo ya eneo la kihistoria. Hilo ndilo mliloliona, la mwaka 1956. Martin Luther King Jr. alifika huko mwaka 1962.

Mwaka 1957 wataalamu walichimba kidogo kwenye kiwanja cha Nassau Street. Mwaka 1965 kikawekwa lami kikawa maegesho ya magari ya watalii.

Nitasema ninavyoona, na mtoto anaweza kuninukuu au kupinga. Kanuni ya kuchagua karne moja inaonekana haina upendeleo, lakini angalia inavyofanya kazi. Tajiri wa karne ya 18 alijenga kwa matofali karne hiyo hiyo, kwa hiyo nyumba yake ikahifadhiwa. Mtumwa wa karne ya 18 alisali chini ya matawi, na akaweza kuwa na kanisa la matofali mwaka 1856 tu. Ukisema utahifadhi kilichojengwa kabla ya 1800, umeshaamua nani ataonekana na nani hataonekana, hata kama hukukusudia. Mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi ulioneshwa kwa watalii kwa miongo mingi kana kwamba walikuwa vivuli. Wala karne ya 18 haikukosekana kwenye kiwanja kile. Watu waliolijenga jengo la 1856 walikuwa ushirika ule ule wa Gowan Pamphlet, uliokwisha kuwepo wakati Virginia inajitangazia uhuru.

Yaliyofuata ni ya juzi, na ndiyo yanayonifurahisha zaidi kama mtu wa kazi hii. Septemba 2020, baada ya washirika na wazao wao kudai majibu, Colonial Williamsburg ilianza kuchimba chini ya lami ile, kazi ikiongozwa na mwanaakiolojia Jack Gary. Ushirika wenyewe ndio uliopanga maswali ya kujibiwa: jengo la kwanza lilikuwa wapi, je kuna watu waliozikwa hapo, na waliosali humo waliishi vipi. Msingi wa kanisa la 1856 ulipatikana bila shida. Kisha, ndani ya eneo hilo hilo, ukaonekana msingi mwingine, mwembamba na mdogo zaidi. Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba ndio wa jengo la kwanza la kudumu.

Walijuaje? Kwa udongo. Udongo hulala kwa tabaka, la zamani chini na la karibuni juu, na kila kitu kilichoanguka humo hubaki na tabaka lake. Katika tabaka zilizohusiana na msingi ule walipata pini ya kushonea ya mwanzoni mwa karne ya 19 na sarafu iliyotengenezwa mwaka 1817. Sarafu haiwezi kuanguka kabla haijatengenezwa, kwa hiyo tabaka lililo nayo haliwezi kuwa la kabla ya 1817. Weka hiyo sarafu kando ya karatasi ya kodi ya 1818. Vitu viwili visivyojuana, kimoja kutoka ardhini na kingine kutoka ofisini, vikapishana kwa mwaka mmoja tu. Na mapokeo ya kanisa, ambayo watu wa nje waliyasikiliza kwa nusu sikio, yakathibitika kuwa yalikuwa yanaelekeza kwenye kiwanja sahihi muda wote.

Vipimo vya msingi ule ni futi 16 kwa futi 20. Hiyo ni kama mita 5 kwa 6, yaani takriban mita za mraba 30. Sasa mwambie mtoto aichukue ile 500 ya mwaka 1793. Hata tukikumbuka kwamba washirika walitawanyika katika mashamba ya wilaya za jirani na wengi hawakuruhusiwa kutoka kila Jumapili, hawakuweza kuenea mle ndani. Mimi naamini chumba kile kilikuwa mahali pa mhubiri na wachache, na wengine walisimama uani wakisikiliza kupitia mlango na madirisha. Huo ni mtazamo wangu kutokana na vipimo, na ajue kuutenganisha na yale yaliyochimbuliwa.

Kisha makaburi. Kabla ya lami kuondolewa hakuna alama iliyoonekana. Wachimbaji walitambua mashimo ya makaburi kwa rangi ya udongo, maana udongo uliowahi kuchimbwa na kurudishwa haufanani tena na wa jirani yake. Idadi yao imepita 60. Kaburi moja lilikuwa na alama: chupa tupu ya mvinyo iliyochomekwa kichwa chini. Fikiria mtu asiye na fedha ya jiwe la kaburi, akitafuta kitu kitakachodumu ili apakumbuke mahali pa ndugu yake, akaipata chupa. Hii ndiyo ningeiweka ukurasa wa kwanza wa kazi ya shule kuliko picha yoyote ya jengo.

Wazao ndio walioulizwa kama makaburi yafunguliwe, na walikubali machache. Matatu yakafunguliwa mwaka 2022, na matokeo yakatangazwa Aprili 2023: vipimo vya DNA na mifupa vilionesha wote watatu walikuwa na asili ya Afrika, mmoja kijana wa miaka 16 hadi 18 na wawili wanaume wa miaka 35 hadi 45. Kwa watu wa ushirika jibu hilo lilimaanisha kwamba magari ya watalii yalikuwa yakiegeshwa juu ya babu zao tangu 1965.

Sasa kengele. Ile ya 1886 ilihama na ushirika kwenda Scotland Street, lakini ilikaa kimya kwa miongo mingi hadi wataalamu wa Colonial Williamsburg walipoitengeneza. Februari 2016 ililia tena. Septemba 24 mwaka huo ilipelekwa Washington, kwenye ufunguzi wa makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi. Aliyeivuta, akiwa na familia yake ya vizazi vinne na Rais Barack Obama na mkewe Michelle pembeni, ni Ruth Odom Bonner, mama wa miaka 99. Baba yake alizaliwa mtumwa Mississippi. Mtoto asome sentensi hiyo mara mbili: aliyekuwa mtumwa ni baba, siyo babu wa babu.

Mkirudi Williamsburg, tembeeni pia hadi makutano ya Nassau Street na Francis Street. Hapo kuna nyumba ndogo ya mbao, Williamsburg Bray School, iliyofundisha watoto Weusi, watumwa na huru, kati ya 1760 na 1774. Nyumba hiyo haikubomolewa kwa sababu tu hakuna aliyeijua. Ilikuwa imehamishwa na kubadilishwa na kutumika na chuo cha William & Mary kwa shughuli nyingine. Mwaka 2020 umri wa mbao zake ulipimwa kwa pete za ukuaji wa mti, na ikaonekana miti ilikatwa majira ya baridi ya 1759 kuingia 1760. Februari 2023 iliwekwa juu ya lori na kuhamishiwa hapo ilipo. Ni hatua chache tu kutoka kiwanja cha kanisa, na huenda baadhi ya watoto wale walikuja kusali na Moses au Pamphlet walipokuwa wakubwa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo mtoto wa Kigoma atalipenda. Mwaka 1956, ule ule ambao jengo la Scotland Street lilifunguliwa, wamisionari wa Southern Baptist walianza kazi Tanganyika na Kenya. Makao makuu ya bodi iliyowatuma yapo Richmond, kama maili 50 kutoka Williamsburg. Southern Baptist walijitenga na Wabaptisti wa kaskazini mwaka 1845 kwa kutetea haki ya wenye watumwa, na mwaka 1995 waliomba radhi rasmi kwa hilo. Kwa hiyo Mbaptisti wa Mbeya au Kigoma ana undugu wa namna mbili na Virginia ile: wa imani na waliosali chini ya matawi, na wa historia ya misheni na upande uliotetea utumwa wao.

Kuhusu kazi yenyewe ya shule, ushauri wangu ni mmoja. Mbele ya kila mahali pa ibada aandike ardhi ilikuwa ya nani na nani alikuwa na uwezo wa kuwaondoa waliosali hapo. Kwenye Green Spring ardhi ilikuwa ya mwenye shamba. Nassau Street ilianza kwa hisani ya Jesse Cole. Mwaka 1955 uwezo ulikuwa kwa taasisi yenye fedha za Rockefeller. Baada ya uchimbaji taasisi hiyo hiyo, pamoja na ushirika na wazao, ilipanga kulijenga upya lile jumba dogo mahali pake, kwa shabaha ya kuadhimisha miaka 250 ya ushirika mwaka 2026. Mkizikuta kuta zimesimama, mtoto ataweza kuzipima mwenyewe kwa hatua.

Swali lako la mwisho, kama ni kanisa la kwanza. Hapana, asiandike hivyo. Silver Bluff, South Carolina, ushirika wa Weusi ulikusanyika kati ya 1773 na 1775, na humo ndimo alimotumika George Liele, aliyekwenda Jamaica baadaye kuhubiri. First Baptist ya Petersburg, Virginia, inahesabu kuanzia 1774. First African Baptist ya Savannah, Georgia, nayo ina madai yake. Makundi haya yalianza kwa siri, bila daftari, na kila moja hujihesabia mwaka kwa kigezo chake: siku ya mkutano wa kwanza, ya ubatizo wa kwanza au ya kutambuliwa na umoja wa makanisa. Aandike "moja ya makanisa ya kale zaidi ya Wabaptisti Weusi Marekani", na mwalimu hatakuwa na la kukata.